Nakufa kila mara kwenye matoroli ya Donkey Kong Country: ni umri, ni TV, au sijui kucheza?

*Swali: "Habari mtaalamu. Nina miaka 38, utotoni nilicheza sana Donkey Kong Country ya Super Nintendo na nilikuwa nafika mbali. Mwaka huu nimeirudia kwenye Switch, ile mashine ya Nintendo ya siku hizi, naichezea kwenye TV kubwa ya sebuleni, na nimekuwa kituko. Steji ya matoroli, Mine Cart Carnage, nimekufa mpaka watoto wananicheka, nikaivuka kwa kurudisha nyuma (ile rewind), sasa nimegota steji ya Snow Barrel Blast. Rafiki yangu anasema kati ya wale nyani wawili, Donkey mkubwa na Diddy mdogo, nitumie Donkey tu kwa sababu ndo mwenye nguvu, na mimi nimeamua kwenda taratibu kwa sababu polepole ndio mwendo, ila nakufa vilevile. Nikicheza saa moja kidole gumba cha kulia kinauma. Je vidole vimezeeka? Na kurudisha nyuma ni kudanganya? Bosi wa mwisho sijawahi kumuona maisha yangu yote."*

Ndugu yangu, kwanza pole kwa kuchekwa, watoto hawana huruma. Ila nimelisoma swali lako mara mbili na naona umeweka vitu vinne kwenye kapu moja: TV, mwendo, nani wa kumtumia, na hicho kidole. Umri nimeuacha nje makusudi manake sidhani kama ndo mchawi wako hapa.

Tuanze na TV kwa sababu ndo jibu rahisi na watu wengi hawaliamini. Ile TV ya zamani ya kichogo uliyochezea utotoni ilikuwa inachora picha papo hapo, gemu ikituma picha inatoka. TV ya kisasa ikipokea picha inaikalia kwanza, inasafisha, inaongeza rangi, inalainisha mwendo, ndo inakuonyesha. Huo ucheleweshaji kwenye baadhi ya TV unaweza kufika milisekunde 100 hivi ukiwa umeiacha kwenye mpangilio wa kuangalia sinema. Ukiangalia taarifa ya habari hutaona chochote. Lakini gemu hii inaenda picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 100 ni picha sita, yaani unapoona toroli limefika ukingoni, ndani ya gemu lilishafika ukingoni picha sita zilizopita na limeanza kudondoka. Unabonyeza kwa wakati kabisa, kwa macho yako, na bado unakufa. Hapo lazima mtu ajilaumu.

Ingia kwenye mipangilio ya TV utafute hali ya gemu, karibu TV zote za siku hizi wanayo, kwenye menyu imeandikwa Game Mode. Washa. Picha itaonekana imepauka kidogo, usijali. Kama una sehemu inayosema inalainisha mwendo, zima. Halafu cheza steji ya kwanza tu, Jungle Hijinxs, dakika kumi, usihukumu kitu kabla ya hapo kwa sababu mkono wako umeshazoea kubonyeza mapema ili kufidia na utaruka mapema mno mwanzoni. Au njia nyingine ya kupima, itoe Switch kwenye kituo chake uchezee kwenye kioo chake mwenyewe. Ukiona umekuwa mtu mwingine ghafla basi mchawi tumemkamata.

Sasa tuseme umerekebisha TV na bado unakufa. Hapa ndo pa kukaa.

Methali yako ya polepole ndio mwendo naiheshimu kila mahali isipokuwa kwenye gemu hii. Kwenye Donkey Kong Country kwenda taratibu hakukupi usalama hata kidogo, mara nyingi ndo kunakuua, na kuna sababu. Jaribu hivi: ingia Jungle Hijinxs, shikilia kitufe cha Y ukimbie, usisimame kabisa, uone unakutana na wale mamba, adui zako, wapi. Utagundua kitu cha ajabu, ukikimbia moja kwa moja bila kusita adui wengi wanakuwa mahali ambapo kuruka kwako kwa kawaida kunatua kichwani kwao, na kamba ya kuning'inia mara nyingi inakuwa inakuja upande wako. Ukisimama kufikiria, kamba inaondoka, nyigu anashuka, mamba anageuka. Ni kama kuruka kamba wakati wenzako wawili wanaizungusha. Anayeingia vizuri hasubiri aone kamba imefika miguuni ndo aruke, ameshaukamata mdundo tangu akiwa nje. Anayesimama akiitazama kwa hofu ndo inamchapa.

Na hili linajibu lile la vidole vimezeeka. Binadamu wa kawaida, hata kijana, anahitaji kama robo sekunde toka aone kitu mpaka abonyeze. Robo sekunde kwenye hii gemu ni picha 15, kwa hiyo hakuna mtu duniani anayemaliza steji za matoroli kwa kuona-halafu-kubonyeza. Wale unaowaona kwenye video wanamaliza bila kufa hawana vidole vya umeme, wanajua kinachokuja na wanabonyeza kwa mdundo. Ulipokuwa na miaka kumi hukuwa na kasi ya ajabu, ulikuwa na likizo nzima ya kurudia steji moja mara mia. Ndo tofauti.

Turudi Mine Cart Carnage, najua umeivuka ila umeivuka kwa kurudisha nyuma, deni bado lipo na utalilipa mbele, manake kwenye ulimwengu wa tano kuna Mine Cart Madness inakusubiri. Kosa karibu la kila mtu ni kumtazama nyani wako. Toroli linaenda lenyewe, huliongozi, kazi yako ni kuruka tu, kwa hiyo yule aliyeko kwenye toroli hana habari mpya ya kukupa. Habari zote ziko kulia mwa skrini: reli iliyokatika, toroli lililopinduka, mamba anayekuja na toroli lake. Weka macho huko kulia na umuache nyani aonekane kwa pembe ya jicho. Siku ya kwanza utajisikia kama unaendesha bila kuangalia usukani, siku ya pili utashangaa ulikuwa unafanyaje.

Kosa la pili ni kuruka mapema. Ukiona pengo unashtuka, unabonyeza, unaiacha nusu ya mruko wako juu ya reli nzima, afu unadondoka hatua moja kabla ya upande wa pili. Mruko una urefu wake, ukiutumia mapema umeutupa. Ruka ukingoni kabisa. Na hapa macho yanadanganywa kidogo kwa sababu picha za gemu hii zilitengenezwa kwenye kompyuta za Silicon Graphics kama vitu vyenye kina, afu zikageuzwa picha bapa za kuingia kwenye kaseti, ndo maana ilipotoka Novemba 1994 watu waliona kama muujiza. Uzuri huo huo unafanya ukingo uonekane kama unaanza kumomonyoka kabla haujaisha. Uamini, una nafasi zaidi ya unavyodhani. Kingine, ukishikilia kitufe cha B mruko unakuwa mrefu, ukigusa na kuachia unakuwa mfupi, kwa hiyo mtu anayebonyeza kwa woga, tap tap, anapata mruko mfupi hata mahali panapotaka mrefu. Nina uhakika nusu ya vifo vyako ni hivyo.

Tahadhari ya Mine Cart Madness ukifika: huko unaruka wewe, toroli linabaki kwenye reli. Kwenye Carnage toroli linaruka na wewe. Nilivyofika pale mara ya kwanza nilikufa kama mara kumi na kitu nikidhani pedi imeharibika, nikabadilisha na pedi ya kaka yangu, nikafa tena mara kumi na kitu.

Haya, Snow Barrel Blast. Hii ndo steji inayowarudisha watu wazima kulala mapema. Theluji inaanza kidogo, kadri unavyoenda mbele inakuwa tufani mpaka mapipa yanayokufyatua kutoka moja hadi jingine unayaona kwa shida, na mapipa yenyewe yanazunguka au yanasogea. Watu wanakodoa macho. Usikodoe. Pipa halibadilishi tabia, linazunguka kwa kasi ile ile na linasogea kwa njia ile ile kila unapoingia, leo na kesho. Ukiingia kwenye pipa usifyatue, hakuna anayekuharakisha humo ndani (nazungumzia yale yanayokusubiri ubonyeze, kuna mengine yanakufyatua yenyewe, hayo kazi yake ni kutulia tu). Kaa mizunguko miwili, mitatu, hesabu kwa mdomo, moja, mbili, tatu, TUMA. Kwa sauti, hata kama watoto wapo. Hapa ndo mahali pekee kwenye gemu nitakubali methali yako.

Kuhusu rafiki yako na Donkey, amekupa nusu ya ukweli. Donkey ana uzito, kweli. Wale mamba wenye helmeti wanaoitwa Klump, Donkey akiwarukia wanaondoka, Diddy akiwarukia anadunda tu. Krusha wale wa bluu wenye misuli hali kadhalika. Donkey pia anaweza kupiga ardhi kwa mikono na wakati mwingine ndizi zinatoka. Lakini Diddy ni mwepesi, anakimbia haraka zaidi, na akibeba pipa analishika mbele ya kifua badala ya kulinyanyua juu ya kichwa, kwa hiyo pipa linakuwa ngao, adui anayekuja usoni anakutana nalo kwanza. Mimi kwenye steji zenye mapengo mengi natangulia na Diddy, kwenye steji zenye mamba wakubwa natangulia na Donkey, na sioni sababu ya kuoa mmoja.

Kikubwa zaidi ambacho rafiki yako hakukwambia ni kwamba hao wawili ndo afya yako. Gemu haina mstari wa damu. Ukigongwa na adui, nyani aliyetangulia anakimbia, aliyebaki anaendelea, akigongwa na yeye umekufa. Kwa hiyo ukiwa na wote wawili una nafasi ya kukosea mara moja, ukiwa na mmoja huna. Pipa lenye herufi DK ndo linakurudishia mwenzako, na mtu anayelipita kwa sababu ana haraka simwelewi kabisa. Shimo ndo halijali, ukidondoka shimoni hata mkiwa wawili mmeenda wote.

Sasa nakupa kitu ambacho nadhani hukukijua hata utotoni, au ulikijua kwa bahati bila kujua jina lake. Kubingirika. Ukibonyeza Y ukiwa unatembea, Donkey anajibiringisha na Diddy anapiga sarakasi ya mkono, na wengi wanajua hiyo ni ya kuua adui. Ni zaidi ya hapo. Bingirika mpaka utoke nje ya ukingo, upo hewani kabisa, hakuna ardhi chini yako, HALAFU bonyeza B. Ataruka. Akiwa hewani. Mruko huo unakupeleka mbali kuliko mruko wowote wa kawaida, na pia ukibingirika ukagonga adui mmoja baada ya mwingine kasi inaongezeka badala ya kupungua. Ndo maana wale wa kwenye video wanaonekana kama wanateleza. Kaa Jungle Hijinxs nusu saa uifanye mpaka iwe kama kupumua, steji zote za mapengo zitabadilika sura, kuna vipande unavyoviogopa utavivuka kabla hujakumbuka kwamba unaviogopa.

Ila nyigu usiwabingirikie wala usiwarukie, Zinger hawafi kwa namna hiyo. Tafuta pipa uwatupie, au uwe umempanda Rambi yule kifaru, au Winky yule chura ambaye kwa sababu anazozijua yeye anaweza kuwakanyaga.

Kurudisha nyuma ni kudanganya? Gemu ni yako, sebule ni yako, hakuna mwamuzi. Shida yangu na rewind ni kwamba inakukata mdundo. Unakufa, unarudi sekunde tatu, unaruka, unakufa, unarudi sekunde mbili, mwisho umevuka lakini mkono haujajifunza wimbo mzima, umejifunza noti moja moja. Ndo maana umefika Snow Barrel Blast ukiwa na ujuzi wa mtu aliyefika ulimwengu wa pili. Mimi ningekushauri utumie ile ya kuhifadhi pale ulipo: hifadhi mwanzo wa steji, ukipita pipa la nyota la katikati hifadhi tena, ukifa unarudi hapo uchukue kipande kizima. Toleo la asili lilikuwa kali kwenye hilo, unahifadhi kwa Candy tu, yule nyani wa kike mwenye kituo cha kuhifadhi, na kwake mpaka upafikie kwenye ramani, kwa hiyo ukiishiwa laifu unaweza kurudia steji nne tano. Huo sio ushujaa, ni kupoteza jioni, sikulazimishi. Lakini kama umeshindwa kipande kimoja mara thelathini na hasira inapanda, rudisha nyuma, vuka, nenda. Na kama unataka njia ya mkato iliyowekwa na watengenezaji wenyewe, kwenye steji ya Stop & Go Station ukianza tu geuka urudi kushoto uingie ule mlango uliotokea. Sitakwambia kinachofuata.

Laifu usiziogope kuisha. Kwenye nyumba ya Donkey pale mwanzo wa Jungle Hijinxs kuna puto jekundu, ni laifu moja, na steji uliyokwisha kuimaliza unaweza kutoka kwa kusimamisha gemu kwa Start na kubonyeza Select, ukirudi puto lipo. Inachosha, lakini mara kumi ni laifu kumi.

Sasa kidole, na hapa naacha utani. Kinauma karibu kwa hakika kwa sababu ya jinsi unavyobonyeza. Gemu inataka Y ishikiliwe muda wote na B ibonyezwe katikati, watu wengi wanainua gumba kutoka Y kwenda B na kurudi, mamia ya mara, huku wameikaba pedi kama inataka kutoroka. Badala yake laza gumba: ncha ikae kwenye Y na sehemu ya kifundo ikae juu ya B, unaruka kwa kuinamisha kidole kidogo tu, Y haiachiwi. Itakuchukua siku mbili tatu. Legeza mkono, kila dakika ishirini weka pedi chini. Wengine wanaiweka pedi mapajani na kubonyeza kwa kidole cha shahada na cha kati, inaonekana kichekesho ila inafanya kazi. Na ichunguze pia pedi yako: kama kitufe cha B lazima ukikandamize kwa nguvu ndo kiitike, au mara kinaitika mara hakiitiki hata kwenye gemu nyingine, kiraba cha ndani kimechoka, ipeleke kwa fundi, ni kazi ndogo. Ukikandamiza pedi mbovu gumba halitapona.

Ukipumzika wiki nzima bila gemu na bado kinauma, au kimevimba kuelekea kwenye kifundo cha mkono, au kinakufa ganzi, au kinauma ukishika kikombe au kugeuza ufunguo, nenda kaonane na daktari akuguse mkono. Mimi nafahamu gemu, mishipa na kano naviona kwenye picha tu kama wewe. Usisubiri mpaka umalize steji.

Kuhusu bosi wa mwisho, King K. Rool, mfalme wa mamba, yuko kwenye meli yake. Anatupa taji lake kutoka kichwani, likiondoka ndo unamrukia, likirudi unakaa mbali. Baadaye mabomu ya chuma ya mizinga yanaanza kudondoka kutoka juu, utayazoea kwa mdundo kama mapipa. Na akianguka, majina ya waliotengeneza gemu yakianza kupanda kwenye skrini, usiweke pedi chini, usiwaite watoto waje waone. Soma majina yenyewe kwanza.